Pedali ya Pili

Muuguzi alirudia maneno yake mara ya tatu, na safari hii aliyaelekeza kwa binti, maana alikwisha kuona kwamba mgonjwa mwenyewe hasikii la mtu.

"Mgongo wake umeungwa, lakini haujashika," alisema. "Gari likirukaruka, au ukifunga breki ghafla, kazi yote ya daktari inaweza kufumuka. Na ikifumuka, sitakudanganya, dada yangu, huenda mzee asisimame tena kwa miguu yake. Kwa hiyo nenda polepole, hata watu wakikucheka."

"Nimeelewa, sista."

"Hajaelewa," mgonjwa akadakia kutoka kwenye kiti cha magurudumu. "Huyu na breki ni paka na panya. Nimemfundisha mwenyewe, namjua."

Binti alikigeuza kiti, akaanza kukisukuma kuelekea kwenye maegesho, na mama yake akafuata nyuma na mito, shuka na mfuko wa dawa. Mtu asiyewajua angedhani wamegombana. Hawakuwa wamegombana, ndivyo walivyozoea kuzungumza miaka yote.

Mgonjwa huyo alikuwa mwalimu wa udereva, na mji mzima ulimwita Mwalimu tu, hata wale ambao hawajawahi kushika usukani. Alikuwa amefundisha makarani, wauza nguo, wake wa matajiri na vijana waliotaka kwenda kuendesha malori ya masafa. Wote walifaulu. Aliyemshinda alikuwa mmoja tu, naye ni huyu binti yake wa mwisho, ambaye nyumbani walimwita Kitinda. Kila alipomweka kwenye usukani, Mwalimu alikanyaga breki ya upande wake kabla Kitinda hajakanyaga yake, hata msichana asijue kama gari limesimama kwa mguu wake au kwa mguu wa baba. Mwishowe Kitinda alikwenda kujifunza kwenye shule nyingine, ile ya upande wa pili wa soko, yenye kibao chekundu kinachoonekana tangu kituo cha mafuta. Mwalimu alipopata habari alinyamaza kutwa nzima, na anayemjua Mwalimu anajua kwamba hilo ni jambo la kuitiwa daktari. Siku hizi Kitinda aliendesha gari la kusambaza mikate kwenye barabara kuu, katikati ya malori. Tangu apate leseni, baba yake hakuwahi kupanda gari analoliendesha yeye hata mara moja.

Leo hakuwa na la kufanya. Kaka mkubwa wa Kitinda aliahidi kuja na gari lake refu lenye viti laini, kisha asubuhi akatuma ujumbe kwamba kazini wamemkatalia. Ambulansi ya kukodi waliiulizia, na bei waliyotajiwa iliwafanya waage kwa heshima na kukata simu. Lililobaki ni gari la shule yake Mwalimu, jeupe, dogo, lenye kibao juu ya paa kinachowaonya watu kwamba ndani kuna anayejifunza.

Upande wa abiria, chini, palikuwa na pedali ya pili ya breki. Ilikuwa imeng'aa kwa kukanyagwa kuliko hata ile ya dereva.

"Baba, kaa nyuma," Kitinda alisema. "Tutakupangia mito ujinyooshe vizuri."

"Nyuma hukaa mizigo."

"Basi nimwite fundi aifungue hiyo pedali yako. Ni kazi ndogo tu."

"Afungue na usukani kabisa, twende tukisukuma."

Mama akacheka bila kutaka, akajifanya anakohoa. Kitinda alimtazama baba yake, akaona jinsi pajama za hospitali zilivyomlegea kiunoni, akakosa nguvu za kubishana. Kiti cha mbele kilikunjwa nyuma mpaka kikawa nusu kitanda. Wafanyakazi wawili wa hospitali wakamnyanyua Mwalimu kwa shuka, mmoja akimshika chini ya magoti kama anayembeba bibi harusi, na Mwalimu akafumba macho mpaka walipomaliza. Mlinzi wa lango alikuwa mwanafunzi wake wa zamani. Alipowaona wanatoka aliinama dirishani.

"Mwalimu, leo unaendeshwa?"

"Leo nafundisha nikiwa nimelala," Mwalimu akajibu, na mlinzi akafungua lango huku akitikisa kichwa.

Kabla hawajafika barabara kuu, simu ya Mama ikalia. Alikuwa shangazi, dada yake Mwalimu, aliyebaki nyumbani kuandaa chumba. Huyu hakuhitaji kipaza sauti. Sauti yake ilijaza gari lote.

"Wifi, nasikia mmempa mtoto usukani. Ile barabara ina malori yasiyo na adabu. Yakikukalia mgongoni huponi. Rudini wodini mkasubiri mtu mzima."

"Tumeshatoka, wifi."

"Haya. Nitakaa hapa kibarazani mpaka niwaone. Na chai sinywi."

Kitinda alisikia kila neno. Aliwasha kiashirio, akasubiri nafasi ndefu kuliko iliyohitajika, akaingia barabarani taratibu.

* * *

Sehemu ya kwanza ya safari ilikuwa tambarare, na huko Mwalimu alifundisha. Akiwa amelala vile hakuiona barabara ya mbele. Alichokiona ni mbingu, na kioo kidogo cha mwalimu kilichobandikwa upande wake, kinachoonyesha yaliyo nyuma. Hilo halikumzuia.

"Gia."

"Nimeshabadilisha, Baba."

"Nimesikia umechelewa. Shikilia usukani kwa mikono miwili."

"Yote miwili ipo hapa."

"Na huyo aliye mbele yako, mbona umemwacha aende zake? Nasikia injini inalala. Umeacha pengo la kuingia kijiji kizima."

"Nimeliacha makusudi. Akisimama ghafla, mimi nisisimame ghafla. Sista amesema nini?"

"Sista hana leseni."

Magari madogo yakawapita, moja baada ya jingine. Dereva mmoja alipiga honi na kuonyesha kibao kilichokuwa juu ya paa, akicheka na wenzake. Kitinda aliona, akaendelea na mwendo ule ule. Mama, aliyekuwa nyuma katikati ya mito iliyokataliwa, alinyoosha mkono akamgusa bega, kisha akaurudisha.

Barabara ilianza kushuka. Watu wa njia ile wanaujua mteremko huo. Ni mrefu, una kona nyingi, na upande mmoja kuna ukuta wa mawe na upande wa pili kuna vyuma vya kingo ambavyo magari yamevipinda hapa na pale. Malori yote yanayotoka bara hushuka pale na mizigo yao. Kitinda alirudi gia ya chini mapema ili gari lijishike lenyewe, akasogea kushoto kadiri alivyoweza.

Lori lilitokea nyuma yao kwenye kona ya kwanza. Lilikuwa la bluu, lenye tela, limebeba mifuko ya saruji iliyofunikwa turubai. Kwanza lilikuwa mbali. Kona ya pili lilikuwa karibu. Kwenye kona ya tatu kioo cha Mwalimu kilijaa meno ya rejeta, na juu yake hapakuonekana tena anga.

"Limetuganda," Mwalimu alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Naliona."

"Mgusie breki kidogo. Taa ziwake, ashtuke, arudi nyuma. Ndivyo wanavyofundishwa adabu."

"Baba, yule amebeba mzigo na anashuka. Nikimshtua hapa atatupanda."

"Basi ongeza mwendo umwache."

"Nikiongeza nitakwenda kona inayokuja nikiwa na kasi, na wewe utarushwa. Kuna sehemu ya kuegesha huko chini. Tukifika pale nampisha."

"Unampisha? Sisi tuliokuwa mbele?"

"Nampisha, Baba. Aende zake na haraka zake."

"Mpishe, mwanangu," Mama akasema taratibu kutoka nyuma. Alikuwa ameshika mto kifuani kama mtoto mchanga. Hakutaka kugeuka, maana kila alipogeuka aliona nembo ya lori na wadudu waliokauka juu yake.

Kitinda aliondoa mguu kwenye mafuta kidogo kidogo. Hakugusa breki. Alitaka lori lipungue pamoja naye bila mtu kushtuka, na lilianza kupungua. Hapo ndipo pikipiki iliyobeba godoro ilipochomoka kwenye njia ya vumbi upande wa kushoto, ikayumba mbele yao, ikajiweka sawa. Kitinda alikuwa ameiona tangu godoro lilipochungulia vichakani, na pengo lake lilimtosha. Aliusogeza usukani tu. Lakini Mwalimu alihisi usukani ukisogea. Aliinua kichwa, akaona godoro limejaa kwenye kioo cha mbele, na mguu wake ukaenda.

Ukweli ni kwamba hakuuamrisha. Mguu ule ulikuwa umefanya kazi hiyo miaka mingi kuliko umri wa Kitinda. Ulikanyaga mpaka chini.

Gari likainamisha pua. Mwalimu akatoa sauti ambayo mkewe hakuwahi kuisikia tangu aolewe naye. Nyuma honi ya lori ililia bila kukatika, tairi zikapiga yowe, na kioo cha nyuma kikawa giza tupu.

"Baba, mguu," Kitinda alisema. Hakupiga kelele. Alisema kama mtu anayeomba chumvi mezani.

Mguu ukatoka. Kitinda akakanyaga mafuta, gari likaruka mbele na kuliacha lori kwa nafasi ya kuingiza kiganja, akalitoa kushoto kwenye kokoto, akalishika lisiyumbe, akaliacha lijisimamie lenyewe kwenye sehemu ya kuegesha ambayo kumbe walikuwa wamekwisha kuifikia. Lori likapita kando yao likiwa limeinamia upande mmoja, likasimama mbele kidogo, moshi wa breki ukipanda kutoka kwenye magurudumu. Pikipiki ilikuwa imekwenda zake na godoro lake, haina habari.

* * *

Dereva wa lori aliteremka akiwa na sandali mguu mmoja. Ya pili ilibaki ndani. Alikuja akitembea haraka, mtu mnene wa makamo mwenye taulo shingoni, na nyuma yake utingo wake, mtu mzima mwenye mvi, akimsihi atulie. Hakutulia. Aliinama kwenye dirisha la Kitinda.

"Wewe dada, nani aliyekufundisha kuendesha?"

Kitinda alikuwa ameweka mikono yote miwili kwenye usukani. Angeweza kutaja shule yenye kibao chekundu. Angeweza kuelekeza kidole upande wa kushoto. Hakufanya lolote kati ya hayo.

"Samahani, kaka," alisema. "Nina mgonjwa."

"Mgonjwa ndiyo unafunga breki katikati ya mteremko? Nimebeba saruji, mimi. Unadhani hii inasimama kama baiskeli? Ningewaua nyote hapa, halafu watu waseme dereva wa lori, dereva wa lori. Gari lenyewe la kujifunzia, umelileta huku kufanya nini?"

"Usimgombeze," sauti ilisema kutoka kwenye kiti kilicholala.

Dereva akainama zaidi, akamwona mzee mwenye pajama za hospitali, jasho likimtoka usoni.

"Aliyekanyaga ni mimi," Mwalimu alisema. "Yeye hakukanyaga. Yeye alikuwa anaendesha vizuri."

Dereva alitazama chini, akaiona pedali ya pili. Alisoma kibao cha mlangoni chenye jina la shule. Hasira yake ikakosa pa kukaa, ikabaki hewani.

"Shikamoo, mzee," alisema mwishowe.

"Marahaba. Nakufahamu. Nimekufundisha."

"Hapana, mzee. Mimi nilifundishwa na mjomba wangu, tena kwenye trekta."

Siku nyingine Mama angecheka. Alikuwa tayari ametoka nje, amezunguka gari na kufungua mlango wa mumewe, amepiga magoti kwenye kokoto. Alimvua soksi zote mbili. Soksi ya pili ikaanguka chini na hakuiokota.

"Mwalimu," alisema. "Vidole."

Mwalimu alifumba macho. Kitinda aligeuka kwenye kiti chake. Dereva wa lori, ambaye hakujua anasubiri nini, naye alisubiri. Vidole vya mguu wa kushoto vikacheza, vyote vitano. Vya mguu wa kulia, ule uliokanyaga, vilikaa kimya. Mama alivishika mkononi, akavipapasa kama anayeamsha mtoto kwa ajili ya shule.

"Unasikia mkono wangu?"

"Ngoja."

"Unasikia, Mwalimu?"

"Nasema ngoja, mwanamke. Unanitekenya."

Vidole vikacheza. Mama akaegemeza paji la uso kwenye nyayo za mumewe, akalia hapo hapo, bila kujali magari yanayopita. Kitinda akatoka kwa mlango wake, akaenda nyuma ya gari kwa muda, akarudi amefuta uso. Utingo akavua kofia na kusema Mungu mkubwa, na hakuna aliyebisha.

Wakampigia simu muuguzi. Aliuliza maswali mengi, akawaambia wasubiri kidogo waone kama ganzi itakuja, ganzi haikuja. Maumivu yalikuwapo, akasema hayo si mageni, mpeni dawa na muendelee, lakini safari hii kwa adabu.

Dereva wa lori alikuwa amekaa kwenye jiwe, taulo mikononi. Kitinda alipompelekea maji ya chupa, aliona kwamba bado ana sandali mguu mmoja tu.

"Nisamehe kwa maneno yale," dereva alisema. "Breki alikanyaga mzee, sawa. Lakini mimi nilikukalia mgongoni. Ningekuwa mbali, hata kama angekanyaga mara kumi tusingefikia huku. Kule ninakoshusha mzigo kuna foleni, ukichelewa unalala nje ya lango. Nikaona gari dogo na kibao cha mwanafunzi, nikasema nikimsogelea atanipisha."

"Nilikuwa nakupisha."

"Niliona. Niliona unapunguza taratibu, nikajisemea huyu anajua kazi. Halafu ndiyo ikawa vile." Alikunywa maji. "Ninaye binti kama wewe. Nisingependa mtu amkalie hivyo."

Kitinda akakaa naye kwenye jiwe mpaka chupa ilipokwisha. Alikuwa amemkasirikia mtu huyu kona tatu nzima, na sasa alichokuwa nacho moyoni ni shukrani tupu, kwake, kwa breki za lori lake, kwa yeyote aliyezikagua mara ya mwisho.

* * *

Walipotaka kuondoka, Mwalimu alimwita mkewe.

"Niwekeni nyuma."

"Umesemaje?"

"Umesikia. Nyuma. Pangeni hiyo mito yenu."

Mama alimtazama Kitinda, na Kitinda akatazama chini. Wote wawili walijua walichokisikia. Mwalimu alinunua gari hili likiwa jipya na hakuwahi kukaa kiti cha nyuma hata siku moja. Hata siku ya msiba wa mama yake mzazi alikaa mbele, mguu tayari.

"Si lazima, Baba," Kitinda alisema. "Tumebakiza kidogo tu. Ukitaka kaa hapo hapo, mimi nitakukumbusha."

"Hutanikumbusha. Huu mguu hausikii." Aliutazama mguu wake wa kulia. "Nimewaambia watu maisha yangu yote kwamba mguu huu unaokoa. Leo ungemuua mama yako. Niwekeni nyuma kabla sijabadili nia."

Dereva na utingo wakashika shuka, Mama akashika kichwa, Kitinda miguu. Haikuwa kazi rahisi kumpitisha mtu mlango ule mdogo bila kumkunja, na utingo alilazimika kuingia kwanza na kutokea upande wa pili. Mwalimu hakufumba macho safari hii. Walimwegemeza kwenye mito, wakamfunga mikanda miwili, mmoja kiunoni na mmoja kifuani, na dereva akaujaribu kila mmoja kwa mkono kama anavyojaribu kamba za turubai.

"Asanteni sana," Mwalimu alisema. "Na wewe, yule mjomba wako wa trekta alifundisha vizuri. Lori lile lingemshinda mwingine."

"Nitamfikishia, mzee. Atafurahi, maana husema mimi ndiye niliyemharibia trekta." Dereva aligeukia Kitinda. "Tangulia. Mimi nitakaa nyuma yako, lakini mbali. Ukiona taa zangu zote zinawaka na kuzima usiogope, nazuia wengine. Mpaka mtakapoiacha barabara kuu hakuna atakayekusogelea."

"Na foleni yako?"

"Foleni ipo kila siku."

Mama akaingia mbele. Aliitazama ile pedali ya pili kwa muda, kisha akavua viatu na kukunja miguu juu ya kiti, kama aliyekaa mkekani.

"Mimi sitaki makosa na chuma hiki," alisema. "Twende."

Wakaingia tena kwenye mteremko. Kitinda alipotazama kioo aliliona lori lote, kuanzia vioo vyake vya pembeni mpaka turubai, na nafasi ya barabara tupu katikati yao, na taa zikiwakawaka kwa utulivu. Lori jingine lilikuja nyuma kwa kasi, likapiga honi, likachungulia kutaka kupita kwenye kona, likakuta tela la saruji limekaa pale pale bila haraka. Likatulia. Nyuma yake yakajipanga mengine, msururu mrefu wenye hasira, na hakuna hata moja lililofika kwenye kisogo cha Kitinda. Mama aliyahesabu kwenye kioo cha mumewe, akaacha, akaanza kumwombea dua yule mtu kwa sauti ya chini. Anamwombea mpaka leo. Kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kumuuliza jina, katika dua zake humwita yule wa saruji, na anaamini anafahamika.

Kwenye njia panda Kitinda aliwasha kiashirio mapema, akatoa mkono dirishani na kuupunga. Lori likajibu kwa honi fupi, moja tu, ya kistaarabu, likashika njia yake.

Barabara ya kwenda kwao ilikuwa ya vumbi na mashimo. Kitinda aliyakwepa moja moja. Alisubiri kusikia neno kutoka nyuma, gia, usukani, chochote, na halikuja. Akaogopa.

"Mama, hebu mtazame Baba."

Mama akageuka. Alikaa amegeuka hivyo muda mrefu.

"Yupo salama," alisema. "Endesha."

* * *

Shangazi alikuwa kibarazani kama alivyoahidi, na chai hakunywa. Alilifikia gari kabla halijazimwa. Aliona kiti cha mbele kina wifi yake aliyekunja miguu, akaona kaka yake amefungwa mikanda kiti cha nyuma, kichwa kimelala pembeni, akashika mdomo.

"Nilisema," alianza. "Nilisema mtoto asipewe usukani. Mmemfanya nini?"

Mwalimu akafungua macho. Alitazama dari la gari, akatazama dirisha, akaona ukuta wa nyumba yake na nguo zilizoanikwa. Ilimchukua muda kuelewa kwamba wamefika. Kitinda alifungua mlango, akachuchumaa mbele yake, akaanza kumfungua mikanda, na Mwalimu akaweka mkono juu ya kichwa cha binti yake, akauacha hapo.

"Pole, kaka," Shangazi alisema, machozi yakimlengalenga. "Hebu niambie ukweli. Njiani alikutesa? Aliendeshaje huyu?"

"Hata sijui, dada yangu," Mwalimu alisema. "Mimi nililala."